Mbingu ziko wapi? Neno kwa wafundishao tungo za kale

Mwalimu wa Kiswahili asomeshapo tungo za kale hana budi kujiandaa kwa swali moja ambalo halimo katika mtihani. Siku moja nilikuwa nikisimulia darasani hadithi ya Kintu na Nambi, ambayo watoto wengi wa Buganda huipata kwa bibi zao kabla hawajajua kusoma. Nilipofika pale Nambi anaposhuka kutoka kwa baba yake Ggulu, mwanafunzi mmoja aliinuka akauliza: "Mwalimu, alishuka kutoka wapi hasa? Katika somo la fizikia tumeambiwa huko juu hakuna nyumba wala mtu." Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki. Nikamjibu: "Hiyo ni hadithi tu." Jibu hilo lilikuwa la uvivu, nami naandika haya ili nilitengeneze.

Kwanza yatupasa kukiri yale ambayo sayansi imeyathibitisha. Rangi ya samawati tuionayo mchana si dari. Ni nuru ya jua iliyotawanywa na hewa. Hata neno "juu" halina mahali pamoja pa kudumu. Mtu wa Kampala, mji ulio karibu kabisa na mstari wa Ikweta, akinyosha kidole juu adhuhuri, kisha akakinyosha tena usiku wa manane, atakuwa ameonyesha pande mbili zinazopingana, kwa kuwa dunia imezunguka naye. Je, mbingu zi upande gani wa pande hizo? Tena, nuru husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja. Yatoka kwenye jua hata kutufikia kwa dakika nane, lakini kutoka kundi la nyota la Andromeda huchukua miaka ipatayo milioni 2.5. Wataalamu wanakadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8, wala hawajaona ukingo wake wala kitovu chake. Ghorofa ya juu, basi, haikuonekana.

Wahakiki wengi wakifika hapa hushika njia mojawapo kati ya mbili. Wa kwanza hudharau: husema wazee walikuwa wajinga, na tungo zao ni mabaki ya ujinga huo. Wa pili huogopa, akaanza kuzihamisha mbingu: zikikosekana mawinguni aziweka nyuma ya nyota, zikikosekana huko aziweka katika pande za ulimwengu zisizoonekana kwa macho. Njia hii ya pili ni kongwe. Mshairi wa Kiingereza John Milton alimzuru Galileo nchini Italia mnamo mwaka 1638, naye aliijua habari ya darubini. Katika utenzi wake mkuu uliotoka mwaka 1667, aliziweka mbingu nje kabisa ya ulimwengu huu, na ulimwengu akauning'iniza kwa mnyororo wa dhahabu. Kwa maoni yangu, mbingu za Milton ni dhaifu zaidi pale zinapofanana mno na nchi ya kawaida, yenye malango, majeshi na mizinga. Mwenye kudharau na mwenye kuhamisha wamekosea kosa moja: wote wawili wanausoma utungo kama ramani.

Lugha zetu zingeweza kutuonya. Ni kweli kwamba "mbingu" kwa Kiswahili ni anga na ni makao matukufu pia, kama ilivyo "eggulu" kwa Kiganda na "ijuru" kwa Kinyarwanda. Lakini Kiswahili kina neno jingine, "ahera", lililotoka katika Kiarabu, na asili ya maana yake ni "ya mwisho", yaani yale yajayo baadaye. Neno hilo halikuanza kwa kutaja mahali. Lilianza kwa kutaja wakati. Asemaye "mbinguni" huinua macho, na asemaye "ahera" hutazama mbele. Lugha imeyahifadhi yote mawili bila kuona ugomvi.

Sasa tuzitazame tungo zenyewe. Katika fasihi ya Kiswahili zimo tendi zinazosimulia Miraji, yaani safari ya Mtume Muhammad kupita mbingu saba. Sijadili hapa imani ya mtu. Najadili namna kisa kilivyopangwa. Daraja za safari hiyo hazihesabiwi kwa urefu wa njia, bali kwa watu wanaokutwa: Adamu katika mbingu ya kwanza, Idrisi katika ya nne, Musa katika ya sita, Ibrahimu katika ya saba. Kisha lafuata jambo lililo moyo wa kisa: sala hamsini zinaamriwa, Musa anashauri zipunguzwe, na baada ya kwenda na kurudi zinabaki tano. Msafiri anateremka na amri ambayo mtu wa kawaida ataitimiza kila siku, nyumbani kwake. Kisa kinapanda ili kishuke.

Mwaka 1919 mtaalamu wa Hispania, Miguel Asín Palacios, alidai kwamba masimulizi ya namna hiyo yalimfikia Dante, mshairi wa Italia aliyefariki mwaka 1321. Madai hayo yamebishaniwa sana, lakini kulinganisha kwenyewe kuna faida. Dante naye apanda daraja kwa daraja: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii, Zohali, kisha nyota na yaliyo zaidi ya nyota. Hiyo ilikuwa sayansi ya siku zake, nayo imeanguka. Hata hivyo, katika wimbo wa nne wa sehemu ile ya Peponi, kiongozi wake Beatrice amweleza kwamba roho anazoziona huko hazikai katika sayari hizo. Zimejidhihirisha hapo kwa sababu akili ya mwanadamu hujifunza kwa kuona. Basi mshairi mwenyewe alijua kuwa ngazi yake ilijengwa kwa ajili ya mpandaji. Na afikapo juu, hugeuka akaitazama dunia, akatabasamu kwa udogo wake. Mwezi wa Desemba 1968, wanaanga wa Apollo 8 waliipiga picha dunia ikichomoza nyuma ya mwezi, na watu wengi walioiona picha hiyo waliona kama Dante alivyoona.

Turudi kwa Kintu. Ggulu aliwaonya Kintu na Nambi wasirudi nyuma hata wakisahau kitu. Ulezi wa kuku ukasahauliwa, ukarudiwa, na Walumbe, ndiye Mauti, akawafuata duniani. Mbingu katika hadithi hii ni mahali ambapo neno lilitolewa na likavunjwa. Anayetafuta umbali wake kwa kilomita atakuwa amepitwa na msiba wenyewe, kwamba kifo kiliingia kwa sababu ya konzi ya nafaka.

Huenda mtu akasema: "Basi, yote ni mfano tu." La, tusikimbilie huko. Waliosimulia wengi waliinua macho wakiamini kweli kwamba huko juu kuna mtu, na sisi tumepoteza kitu walichokuwa nacho. Kumwambia mwanafunzi kwamba wazee walikuwa wakitania ni kuwavunjia heshima wazee na kumdanganya kijana. Tumwambie ukweli wote: waliamini, ramani yao imeanguka, na utungo umesimama.

Kama mbingu zipo kweli, na kwa namna gani, hilo mwanafunzi ataliuliza kwa viongozi wa dini yake na kwa moyo wake. Darubini haijapewa kazi hiyo, wala mhakiki. Kazi yetu darasani ni kuuliza swali jingine: huyu aliyepanda amerudi na nini? Laiti ningalimwuliza hivyo yule kijana siku ile, pengine yeye ndiye angalinifundisha.