Ukawiaji wa Masimulizi katika Maps ya Nuruddin Farah: Usomaji kutoka Banissa

Maps (1986), riwaya ya Nuruddin Farah iliyoandikwa kwa Kiingereza, si ndefu kwa hesabu ya kurasa, lakini humchosha msomaji kuliko riwaya nyingi zinazoizidi kwa unene. Kisa chake ni chepesi kukieleza. Askar, yatima wa Kallafo katika Ogaden, analelewa na Misra, mwanamke wa asili ya Kioromo. Anapelekwa Mogadishu kwa mjomba wake, Hilaal. Baada ya vita vya 1977-78, Misra anatuhumiwa kuwasaliti wapiganaji kwa jeshi la Ethiopia, na hatimaye anauawa. Hata hivyo, matukio hayo hayasongi mbele. Usimulizi unazunguka katika nafsi zote tatu, na jambo lilelile linarudiwa kwa ndoto, kumbukumbu na mjadala. Msomaji anayesukumwa na taharuki anataka kujua kama Misra ana hatia. Jibu haliji, naye huchoka katikati ya safari.

Makala haya yanadai kwamba ukawiaji huo si dosari ya fani. Katika kurasa za mwisho Askar anahojiwa na polisi, na hapo ndipo inapodhihirika kuwa masimulizi yote ni ushahidi unaotolewa tena na tena na mtu aliye mshtakiwa, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya nafsi tatu. Anayekiacha kitabu katikati huwa ameibeba takriri bila kuijua sababu yake.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi riwaya inaposomwa kutoka Banissa, katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, mojawapo ya nchi tano zilizowakilishwa na pembe za nyota ya bendera ya Somalia. Limo, basi, katika ramani ya taifa inayomshughulisha Askar. Lakini Hilaal anamfasili Msomali kuwa ni yule ambaye Kisomali ni lugha yake ya mama. Huko Banissa wamo Wagarre wanaojinasibu na Usomali ilhali lugha ya nyumbani kwao ni Kiborana. Kwa fasili hiyo, ardhi yao imo ndani ya ramani, wao wamo nje. Misra naye anakisema Kisomali na amemlea Msomali, lakini anabaki mgeni. Riwaya yenye mwendo wa kasi ingempitisha msomaji hapo bila kumsimamisha.

Pamoja na hayo, lawama moja inabaki. Misra hapewi nafasi ya kuwa msimulizi, na hata jina lake halitulii: Misra, Misrat, Masarat. Ukawiaji unampa Askar muda wote wa kujitetea. Marehemu hana wakili.

Ndiyo maana muhtasari, ambao wanafunzi wengi huuridhia badala ya kitabu, ni hatari mahususi kwa Maps. Ikifupishwa, riwaya hii hubakiza tuhuma peke yake, na Misra huwa msaliti kama walivyosema waliomshtaki. Shaka inayomlinda imo katika kurasa zilezile zinazochosha.