Daraja Lisilo na Wapitaji: Uhakiki wa Picha ya Talbot

Mara nyingi wanafunzi wetu hukariri kwamba sanaa ni kioo cha jamii, nasi walimu huwapa maksi. Yafaa kauli hiyo ipimwe kwa sanaa inayodhaniwa kuwa kioo kuliko zote, yaani picha ya kamera.

Mfano wetu ni picha ya daraja la Hungerford, London, iliyopigwa na William Henry Fox Talbot yapata mwaka 1845, na ambayo sasa imehifadhiwa katika makumbusho. Tukianza na fani, kazi hii ni ya karatasi mwanzo hadi mwisho: karatasi iliyotiwa dawa ya fedha ilitoa picha hasi, na kutokana na hasi hiyo nakala zikachapwa juu ya karatasi iliyotiwa chumvi. Kwa kuwa picha imezama katika nyuzi za karatasi, mistari yake si mikali. Minyororo ya daraja yaonekana kana kwamba imechorwa kwa mkaa.

Sasa tutazame maudhui. Daraja hili, kazi ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel, lilifunguliwa mwaka huo huo wa 1845 kwa ajili ya waendao kwa miguu, liwafikishe kwenye soko la Hungerford. Lakini wapitaji wenyewe wako wapi? Minara imesimama, minyororo inaning'inia, watu hawaonekani. Sababu yafahamika: karatasi ya Talbot ilihitaji kukaa katika mwanga kwa muda, na aliyekuwa akitembea hakuacha alama. Kilichotulia kilihifadhiwa, kilichokwenda kilifutika.

Hapa ndipo kauli ya kioo inapopwaya. Kioo hakichagui, picha hii imechagua, hata kama mpigaji hakukusudia. Mhakiki atakayesoma yale yanayoonekana tu atasifu chuma na kumsahau mchuuzi ambaye kwa ajili yake chuma kilitundikwa.

Historia nayo iliongeza kejeli yake. Daraja lilibomolewa mwaka 1860 ili kupisha reli, na minyororo yake ikatumiwa katika daraja la Clifton, Bristol, lililokamilika mwaka 1864. Karatasi, iliyo dhaifu kuliko chuma, ndiyo iliyobaki na umbo lote.

Hivyo hatuna haja ya kuitupa kauli ya kioo, bali tuikamilishe. Mbele ya kila kazi ya sanaa hatuna budi kuuliza pia: ni nani aliyepita pale, ambaye chombo cha msanii hakikuweza kumnasa?