Itazame h ya Moshi

Ukurasa mmoja wa wapandisha watalii hapa mjini umebadilisha jina lake juzi, na sifa zimemiminika chini yake: umetisha, moto wa kuotea mbali, nani kakutengenezea, naomba namba yake. Jina limeandikwa kwa mlazo mwembamba, nyota mbili kila upande, kilele cha mlima, kisha mshale unaoshuka kwenye kiungo. Na kati ya s na i ya neno Moshi kuna kiboksi. Kiboksi kitupu mahali pa h. Watu wameona nyota, wameona mlima, wameona mshale, h hawakuiona. Ndiyo maana naandika. Kazi kama hiyo ikisifiwa, aliyeifanya ataifanya tena kesho kwa mteja mwingine, na atamtoza zaidi.

Mbwembwe hizi si fonti, ingawa kila mtu anaziita hivyo. Fonti ni sura ambayo simu huivalisha herufi. Hizi ni alama nyingine kabisa, kila moja na namba yake katika orodha ya Unicode. Nyingi kati yake ziliingia mwaka 2001, katika toleo la 3.1, karibu alama elfu moja kwa mkupuo, na hazikuingizwa kwa ajili ya bayo ya mtu yeyote. Waliozihitaji ni wanahisabati na wanafizikia, ambao kwao H iliyosimama na H ya mwandiko wa mkono ni vitu viwili tofauti ndani ya mlinganyo mmoja. Sisi tumeziazima. Mwenye kuazima chombo anapaswa kujua kimetengenezwa kwa kazi gani, la sivyo atakivunja na kulaumu simu.

Sasa tuje kwenye h, maana hapo ndipo ninapomtambua fundi kabla sijasoma neno la pili.

Muda mrefu kabla ya 2001, orodha ilikuwa tayari na h moja ya mlazo, kwa sababu ya Max Planck. Aliyesoma fizikia ya kidato cha tano na cha sita anaikumbuka: ile h ambayo ukiizidisha kwa frikwensi unapata nishati ya fotoni. Ilikaa kwenye droo ya zamani, pamoja na alama nyingine zilizofanana na herufi. Seti kubwa ilipopangwa, kanuni ilikuwa kutoiingiza mara ya pili alama ambayo tayari ipo. Kwa hiyo nafasi ya h ya mlazo, namba 1D455, iliachwa wazi, na iko wazi hadi leo. Anayeitaka h hiyo lazima arudi kwenye droo ya zamani, namba 210E, aichukue ile ya Planck.

Mtengeneza mvivu wa kigeuzi, yaani programu inayogeuza herufi za kawaida kuwa hizi, hajui hilo. Anahesabu tu: a ni hii, kwa b ongeza moja, kwa c ongeza moja, mpaka z. Akifika h anatumbukia kwenye nafasi tupu, na simu inachora kiboksi. Mzungumzaji wa lugha yenye h chache anaweza kuponyoka. Sisi hatuponyoki. Moshi ina h, Machame ina h, Kibosho ina h, Siha na Kahe zina h, na kilele chenyewe cha mita 5,895 kinaitwa Uhuru. Mtu anayefanya kazi hii kwenye miteremko ya Kilimanjaro bila kuijua h ya mlazo hajaanza kazi.

Kigeuzi kizuri kinairuka nafasi tupu na kuichukua h ya zamani: 𝑀𝑜𝑠ℎ𝑖. Wengi wakifika hapo wanaridhika. Wanakosea, kwa sababu h hiyo imetoka droo tofauti na wenzake, na kwenye simu nyingi inachorwa na fonti tofauti pia. Utaiona imesimama kidogo kuliko o na s, au imekoza kidogo, au miguu yake imeachana zaidi. Itazame kwa makini ukiwa umeipunguzia simu mwanga. Neno limeandikwa na mikono miwili. Jicho la mpita njia halitasema kuna nini, ila litahisi kuna kitu hakijakaa sawa, na litaondoka.

Mwandiko wa mkono mwembamba ndio mbaya zaidi. Humo herufi kubwa nane zinatoka droo ya zamani: B, E, F, H, I, L, M na R. Na ndogo tatu: e, g na o. Pitisha majina ya sehemu zetu hapo uone. Marangu inapoteza M na g. Mwika inapoteza M. Kibosho inapoteza o zote mbili. Rombo ndiyo msiba mtupu: R, o na o ni za zamani, m na b ni mpya, na neno la herufi tano linatoka hivi: ℛℴ𝓂𝒷ℴ. Uru inapita salama. Siha inapita salama, kwa kuwa h ya mwandiko huu, tofauti na ile ya mlazo, haikuwa imetangulia. Herufi za Kijerumani za kale, zile za ncha kali ambazo wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893 walizisoma kwenye Biblia zao, nazo zina mapengo: C, H, I, R, Z. Kwa hiyo Hai na Himo zinaumia hapo, na Rombo tena.

Dawa ipo, na ni nyepesi kiasi kwamba sina subira na asiyeijua. Chukua seti iliyokozwa. Mlazo uliokozwa hauna pengo, mwandiko uliokozwa hauna pengo, herufi za Kijerumani zilizokozwa hazina pengo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuziweka kwenye droo ya zamani. 𝓡𝓸𝓶𝓫𝓸: mkono mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiniona napitia bayo za watu nikatikisa kichwa, ujue natafuta hicho tu. Mwembamba ni wa anayeanza. Aliyekomaa anakoza.

Fundi niliyemheshimu kuliko wote alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi jirani na stendi. Hakutumia kigeuzi. Kwenye simu yake alikuwa na ukurasa mmoja wenye herufi zote, seti kwa seti, na alichukua moja moja kwa kidole, akilijenga neno polepole huku mteja amekaa kwenye benchi. Siku moja binti alikuja, akamwamkia, akamwomba ampambie ujumbe wa kukumbusha michango ya harusi.

“Marahaba, mama. Unawatumia kina nani?”

“Ndugu wote, mzee. Hadi shangazi kule Mkuu.”

“Shangazi anatumia simu gani?”

“Kitochi.”

“Basi shangazi tumwandikie kwa herufi alizofundishwa shule.”

Alikataa pesa ya binti, na alikuwa sahihi kwa sababu mbili. Ya kwanza, vitochi vingi havina herufi hizo kabisa. Shangazi angepokea safu ya viboksi na kudhani simu imeharibika. Ya pili ni hesabu. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160. Ukiingiza humo alama moja tu ya mbwembwe, meseji nzima inabadilishiwa mfumo na uwezo wake unashuka hadi 70, na kila herufi ya hisabati inakula nafasi mbili. Ukipamba yote, unabaki na herufi 35. Hapo hata jina la bwana harusi na tarehe ya sendofu havitoshi. Kamati inalipia meseji tatu nne kwa kila mwalikwa, ili shangazi asome viboksi.

Nilipokuwa mdogo, maandishi ya mji huu yalichorwa kwa brashi. Vibao vya maduka, milango ya daladala, kuta za vinyozi. Mchoraji alipiga uzi wenye chaki, juu mstari mmoja na chini mstari mmoja, akapima upana wa herufi zote kabla ya kugusa rangi, na mguu wa h ulikuwa unene uleule wa mguu wa n. Baadaye zikaja stika za plota, na mistari ya chaki ikakoma. Sisemi kila kilichochorwa kwa mkono kilikuwa kizuri. Nasema mchoraji aliyekosea h mbele ya mlango wa duka aliiona kila asubuhi akienda kazini, na aliyempa kazi aliiona, na jirani aliiona, mpaka ikarekebishwa. Mpamba bayo wa leo anabandika, anapokea pesa, haangalii tena.

Na wako wadanganyifu. Wa kwanza ni muuza mabango ya viboksi vyeusi vyenye herufi nyeupe ndani. Anakuonyesha mfano wenye neno lisilo na A wala O. Ukienda nyumbani ukaandika Karibu Kilimanjaro, simu nyingi zinageuza kila A, B na O kuwa emoji nyekundu, kwa sababu hizo zimesajiliwa kama makundi ya damu, na P inageuka bluu kama kibao cha maegesho. Kiswahili kimejaa a na o. Jina lako linatokea kama limetokwa na upele. Wa pili anauza herufi za bendera. Zinapendeza kwa T na Z, kwa kuwa zikikaa pamoja zinakuwa bendera yetu. Lakini ziandike Moshi zikiwa zimegusana: M na O zinageuka bendera ya Macau, S na H zinageuka bendera ya Saint Helena, na I inabaki imesimama peke yake. Nimeona watu wakilipia hilo.

Wa tatu ni mbaya kuliko hao, kwa kuwa anaiba kweli. Anachukua a, e na o za Kirusi, ambazo kwa macho hazitofautiki na zetu, anaziingiza kwenye jina la kampuni inayoaminika, anaongeza alama ya tiki, kisha anasubiri malipo ya awali ya safari. Hapa jicho peke yake halitoshi. Nakili jina, lichapishe mwenyewe pembeni herufi kwa herufi, kisha uiambie simu ilitafute moja ndani ya lingine. Lisipoonekana, usitume pesa.

Seti ninayoipenda mimi ni herufi kubwa ndogo: ᴍᴏꜱʜɪ. Zimetoka kwa wanaisimu, si kwa wanahisabati, na kwa Kiswahili zinakaa kama zimeshonwa kwetu. Lugha nyingine zinahangaika na x, ambayo haimo, na q, iliyochelewa hadi 2018. Sisi hatuna haja na yoyote kati ya hizo. Zinazotugusa ni f na s, zilizoingia mwaka 2008, na kwenye simu ya zamani zinaweza kukuaibisha. Kwa s, tumia ile ndogo ya kawaida: umbo ni lilelile, na kila simu inayo. Kwa f, badilisha neno.

Kuhusu kiasi, kanuni ni moja: neno moja. Neno moja lililopambwa katikati ya bayo ya kawaida linaonekana. Mistari minne iliyopambwa haisomeki. Neno hilo lisiwe lile ambalo mgeni atalitafuta. Mtu aliyelala kambi ya Horombo, mita 3,720, ambako intaneti ya kasi ilifika Agosti 2022, akitaka kumwonyesha mwenzake mahali kiongozi wake alipoandika Marangu, anatafuta herufi saba za kawaida. Programu nyingi haziwezi kuziona ndani ya alama saba za hisabati. Pamba cheo, pamba salamu, acha Marangu ikae ilivyo. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wengi wao wanalijua hili kuliko mabosi wao. Bayo zao ni jina, njia wanazozijua, na lugha wanazosema.

Kuna msomaji mwingine ambaye wapambaji hawamkumbuki kabisa. Shule ya Mwereni hapa Moshi imesomesha watoto wasioona, na leo wengi wa rika lao wana simu zinazowasomea kwa sauti. Sauti hiyo ikikutana na mlazo uliokozwa, ama inaliruka neno lote, ama inaitaja kila herufi kwa jina lake rasmi la kihisabati, moja baada ya nyingine, mpaka msikilizaji anakata tamaa. Kwa hiyo usipambe habari ambayo mtu anaihitaji: mahali, saa, bei, jina lako halisi. Ndani ya WhatsApp huna hata sababu. Tangu 2016 ukiweka nyota mwanzo na mwisho wa neno linakozwa, ukiweka mistari ya chini linalazwa, na herufi zinabaki herufi.

Mengine nayataja kwa haraka. Herufi za Kijerumani za kale haziendi kwenye harusi. Alama zinazorundikwa juu na chini ya herufi hadi zimwagikie mstari wa pili haziendi popote. Tangazo la msiba halipambwi. Herufi zilizotanuliwa, zile za kuendana na miandiko ya Kichina na Kijapani, zinafaa neno fupi lisilozidi silabi mbili: Kibo inakaa vizuri, Mawenzi haikai. Namba ya simu na lipa namba ziachwe kabisa. Mteja anazinakili kwenda kwenye menyu ya malipo, na menyu ikizikataa hatakupigia kuuliza. Atamlipa jirani yako.