Handaki Ndani ya Keki

Keki ya Tunnel of Fudge iliambulia nafasi ya pili katika mashindano ya Pillsbury Bake-Off ya mwaka 1966. Aliyeipika, Ella Helfrich, alitoka Houston, lakini vilivyoiwezesha vilitoka Minneapolis: kampuni ya unga ya Pillsbury, paketi ya aisingi ya chokoleti ya kampuni hiyohiyo, na chombo cha alumini kiitwacho Bundt, kinachotengenezwa na Nordic Ware kitongojini St. Louis Park. Ukiikata, kila kipande kina chokoleti nzito inayotepeta katikati. Wala hakuna aliyeijaza. Rojo ni moja, humiminwa mara moja.

Siri ni sukari. Keki hushikana wanga wa unga unapovimba kwa maji na mayai yanapoganda. Sukari ikizidi, huunyang'anya wanga maji, na mambo yote mawili yakahitaji joto kali zaidi. Helfrich alitia paketi ile, ambayo kimsingi ni sukari ya unga na kakao, juu ya sukari ya kawaida, siagi tele na mayai 6. Rojo la namna hiyo huchelewa kuiva, na keki ikiepuliwa mapema kidogo, katikati hubaki laini.

Lakini katikati ni wapi? Hapo ndipo chombo kinapoamua. David Dalquist alikibuni mwaka 1950 kwa ombi la wanawake wa chama cha Hadassah cha Minneapolis, waliotaka chombo chepesi badala ya kile cha udongo cha Ulaya. Kina bomba katikati, hivyo moto huingia kwa nje na kwa ndani pia, na sehemu inayoupata mwisho ni pete iliyo kati ya kuta hizo mbili. Pete hiyo ndiyo handaki. Rojo lilelile kwenye tini ya kawaida lingeacha kidimbwi kitovuni na keki ingebonyea. Chombo kilikuwa kikiuzwa kwa kusuasua. Baada ya mashindano, Pillsbury walipokea maombi zaidi ya 200,000 ya watu wakikitafuta.

Baadaye paketi iliondolewa sokoni, na mapishi yakaandikwa upya: vikombe 2 vya sukari ya unga na robo tatu ya kikombe cha kakao. Mimi nayapenda zaidi haya, maana yanaweka wazi paketi ilikuwa inafanya nini. Tena yanapokea kakao yoyote. Iliyotiwa alkali, kwa njia ya Mholanzi Van Houten wa karne ya 19, ni nyeusi na haina ukali. Ya asili ina asidi, na kwenye keki za bekingi soda tofauti hiyo huweza kuharibu mwumuko. Hapa hamna soda wala bekingi pauda: kinachoinua ni hewa iliyopigwa ndani ya siagi na mayai. Mwenye kakao ya Kyela aitumie bila wasiwasi. Asichothubutu kupunguza ni vikombe 2 vya walinati zilizokatwa. Maelekezo ya Pillsbury yanasema ni za lazima.

Kazi iko kwenye muda. Ni dakika 45 hadi 50 kwa takriban nyuzi 175 za Selsiasi, na kijiti hakisaidii kitu, kwa kuwa kitatoka na rojo tu. Angalia juu pawe pamekauka na kingo zimeanza kuachana na chombo. Kisha iache humohumo saa moja na nusu. Ukiipindua ikingali moto, ukuta wa nje hupasuka na chokoleti yote ikaishia kwenye sinia.