Msamaha Unaoishia Mpakani

Dawa ya deni kulipa. Tumeambiwa hivyo tangu utotoni, na mimi niliwahi kumwambia kaka yangu maneno hayohayo duka lake lilipoanguka. Nimemaliza kusoma Republic of Debtors cha Bruce H. Mann, na nasema kweli, nimeona haya.

Mann ni mwanahistoria wa sheria. Kitabu chake cha mwaka 2002 kinatupeleka Marekani ya karne ya 18, ambako mdaiwa angeweza kufungwa mpaka alipe. Sasa atalipaje akiwa ndani? Swali hilo lilipata masikio zaidi matajiri nao walipoanza kufungwa. Robert Morris, aliyetafuta fedha za vita vya uhuru, aliingia jela Philadelphia mwaka 1798 baada ya biashara yake ya ardhi kuporomoka. George Washington alikwenda kula naye mlemle gerezani! Mwaka 1800 Bunge likapitisha sheria ya ufilisi, na mwaka uliofuata Morris akatoka. Kumbe sheria yenyewe iliwahusu wafanyabiashara wenye madeni makubwa, kuanzia dola 1,000. Mkulima na fundi viatu hawakuwamo. Mwaka 1803 ikafutwa.

Uzuri wa Mann ni kwamba hamlilii Morris. Anaonyesha jinsi deni lilivyoacha kuitwa dhambi na kuanza kuitwa hasara ya biashara, kisha anauliza ni nani aliyepewa jina hilo jipya.

Kiu yangu ilibaki kwenye majimbo. Katiba iliipa serikali kuu mamlaka ya kutunga sheria moja ya ufilisi, lakini sheria ya kudumu ilipatikana mwaka 1898 tu. Kwa miaka mingi majimbo yalijaza pengo. Mwaka 1819, katika kesi ya Sturges na Crowninshield, Mahakama ya Juu ilisema jimbo haliwezi kufuta deni lililokopwa kabla ya sheria yake. Mwaka 1827, kesi ya Ogden na Saunders ikaongeza kwamba msamaha wa jimbo moja haumfungi mdai wa jimbo lingine. Yaani unasamehewa New York, mtu wa Kentucky bado anakudai. Hapo ndipo nilitaka Mann akae zaidi.

Hata hivyo, kisome, hasa kama nawe umewahi kumhubiria mtu ile methali.