Sampuli Inayolala Kiunoni

Kwa wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, maji ya mwisho ni ya bonde la Karanga. Kambi ya Barafu, mita 4,673, haina hata kijito. Wapagazi huchota Karanga na kupandisha madumu. Kwa hiyo anayepima kijito peke yake amepima nusu ya safari. Kati ya mkondo na kikombe kuna dumu, mfuniko, kata na mikono ya watu.

Upimaji wenyewe si mgumu. Unakinga mililita 100 kwa chupa safi ya kupimia, mdomo wake ukielekea juu mkondo unakotoka, na hugusi ndani ya mfuniko. Unatia unga wa chakula cha bakteria, unamimina kwenye kifuko, kisha unasubiri. E. koli, bakteria wa kinyesi, wakiwamo hugeuza maji hayo yawe ya buluu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni sifuri katika mililita 100.

Tatizo ni baridi. Bakteria hao hutaka nyuzi 35 hadi 37 kwa karibu saa 24, na usiku wa Karanga hugandisha maji. Dawa ya wapimaji wa nyanjani ni kufunga vifuko vya sampuli kiunoni, chini ya nguo, na kulala navyo. Yaonekana kama kichekesho, ila mwili hauishiwi betri.

Rangi ikitokea, maji yalishanywewa jana. Kwa hiyo kipimo hiki hakisemi unywe au uache, kinakagua jiko. Chukua sampuli tatu: ya kijito, ya dumu na ya maji yaliyochemshwa. Kijito kikiwa safi na dumu likawa buluu, shida ni dumu. Kwenye kambi ya Barafu maji huchemka kwa nyuzi 85 hivi, na hiyo yatosha kuua vijidudu yakitokota dakika tatu. Klorini hufanya kazi polepole kwenye maji baridi, na kimelea cha kriptosporidia huistahimili.

Si kila adui ni kijidudu: chini ya mlima Meru adui ni floridi, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kuchemsha maji ni kuizidisha, maana yenyewe hupungua nayo floridi hubaki. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Mpandaji wa siku chache hadhuriki. Anayeyanywa tangu utotoni huharibika meno, hata mifupa. Sampuli ya floridi haidai joto la mtu: ikinge kwa chupa ya plastiki, si ya kioo, ushuke nayo taratibu hadi maabara.