Kutuma na Kwenda: Neno juu ya Mjadala wa Safari za Anga

Mwaka jana nilikuwa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kwa ajili ya kuchunguza Kiswahili kisemwacho na Wasukuma wa huko. Walimu wa shule moja ya sekondari wakanialika kusikiliza mdahalo wa wanafunzi wao. Hoja ilikuwa kwamba katika uchunguzi wa anga yafaa kupeleka roboti kuliko kupeleka binadamu. Waliounga mkono walitaja gharama na vifo, na waliopinga wakataja akili na ujasiri. Hayo ni ya kawaida, na msomaji aweza kuyakuta katika lugha yoyote. Lililonishughulisha ni jingine. Kijana mmoja alisema, "Roboti ametua Mirihi." Msichana wa upande wa pili akasimama kumkosoa: "Imetua! Kwani huyo ni mtu?" Ukumbi ukacheka, mwenyekiti akagonga meza, na mdahalo ukaendelea, kana kwamba limesahihishwa kosa dogo la sarufi. Kwa maoni yangu msichana yule ndiye aliyeigusa hoja yenyewe, wala hapana aliyemfuata.

Kila asomaye jarida hili ajua kwamba upatanisho wa Kiswahili hautazami umbo la jina peke yake. Mwindaji husema kifaru amejeruhiwa. Askari husema kifaru kimeharibika. Jina ni moja na kiambishi cha jina ni kile kile, lakini mnyama ana uhai na gari la vita halina, na lugha yatenga baina yao pasipo kusitasita. Kwa hiyo asemaye "roboti ametua" hakukosea hesabu ya ngeli tu. Amekwisha kuamua jambo, naye hajui kwamba ameamua.

Nimekuta namna zote mbili katika magazeti na redio zetu, pengine katika habari moja. Chanzo chake si kigumu kukiona. Mtambo uendao wenyewe, wenye mkono na jicho, huvuta moyo wa mtu. Opportunity, gari la Wamarekani lililotua Mirihi Januari 2004, lilikusudiwa kufanya kazi siku 90; likaendelea hata Juni 2018, tufani ya vumbi ilipolinyamazisha. Mwezi wa Februari 2019 ilipotangazwa kwamba halitaitika tena, wako watu waliolililia kama wamliliavyo ndugu. Siwacheki. Lakini majonzi hayo hayakuwa na mjane wala yatima, na hapo ndipo ulipo uzito wa kiambishi.

Tutazame sasa kitenzi. Vijana wa Bariadi walisema "kupeleka" tangu mwanzo hata mwisho, na neno hilo halibagui: twapeleka mzigo sokoni na twampeleka mtoto shule. Laiti wangalisema "kutuma", wangaliona zaidi. Katika mzizi huo mmoja Kiswahili kimepata mtume, mtumishi na mtumwa, yaani daraja zote za atumwaye, tangu wa juu hata wa chini; na kutoka humo humo twapata "kutumia". Kalamu hutumika, jembe hutumika, na hapana lawama. Lakini ukisema kwamba mtu fulani amemtumia mwenzake, umekwisha kumshitaki. Neno roboti lenyewe lilitoka upande huo huo: Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alilieneza kwa mchezo wake wa kuigiza wa mwaka 1920, nalo latokana na neno la kwao lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, kazi ya shokoa. Basi swali la kweli ni hili: ni nani, au ni nini, tuwezacho kukituma na kukitumia bila kudaiwa kukirudisha?

Warusi walijibu vibaya mwaka 1957 walipomrusha mbwa Laika hali wakijua kwamba hawana njia ya kumrudisha. Laika alikufa. Katika Kiswahili hatuwezi kusema vinginevyo, na lugha yetu hapo yatuhukumu sawasawa.

Pwani yetu nayo ilipata kuwa na sehemu katika mambo haya, ijapokuwa vitabu vya shule huipita. Wamarekani walipoanza safari zao za Mercury waliweka kituo Unguja, kimoja katika mlolongo wa vituo vya kufuatia vyombo vyao kuzunguka dunia. Novemba 1961 sokwe Enos aliizunguka dunia mara mbili, akarudi hai. Tarehe 20 Februari 1962 akafuata John Glenn, aliyeizunguka mara tatu. Kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha, mtambo wa kukiongoza chombo chenyewe ulianza kuleta matata, na Glenn akakishika kwa mkono wake. Wampendao mwanaanga kuliko mtambo hukumbuka jambo hilo, nao wana haki. Kituo cha Unguja kiliondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tangu zamani walikuwapo waliokishuku kuwa ni cha silaha.

Miaka michache baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo katika nyota. Siku ile Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru, na chombo kikaitwa Uhuru. Hakikuwa na mtu ndani yake. Kiliorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, kikanyamaza mwaka 1973, wala hapana aliyekesha akikingoja. Jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, na sidhani kama yuko Mswahili ambaye angesema "Uhuru alirushwa".

Wenye kupendelea mitambo wasidhani, hata hivyo, kwamba nimewapa ushindi wote. Watu 12 waliotembea mwezini baina ya 1969 na 1972 walirudi, pamoja na wenzao, na mawe na udongo wa kilo 382. Mtambo wa Kirusi Luna 16 ulileta gramu 101 mwaka 1970. Na tofauti si ya uzito peke yake. Harrison Schmitt, mjuzi wa miamba, aliona mwaka 1972 udongo wa rangi ya machungwa pale ambapo hapana aliyeutazamia, akasimama, akauchimba. Mtambo hutafuta ulichoagizwa. Tena mwezini sauti hufika kwa muda wa sekunde moja na kidogo, lakini kwenda Mirihi huchukua dakika 3 hata 22 au zaidi, kwa kadiri sayari hizo zilivyo mbali. Mtambo ulio ukingoni mwa shimo hauwezi kungoja jibu.

Kwa upande mwingine, gramu 5 za vumbi la kimondo Ryugu, zilizoletwa na mtambo wa Kijapani Hayabusa2 Desemba 2020, zilionekana kuwa za aina moja na jiwe lililoanguka Ivuna, kusini-magharibi mwa nchi yetu, mwaka 1938. Jiwe la Ivuna lilikuwa limekwisha kuguswa na hewa na unyevu wa dunia, na vumbi la Ryugu lilikuwa safi. Kwa kazi hiyo hapakuhitajika kumhatarisha mtu. Nasi twakumbuka watu 7 wa Challenger mwaka 1986 na 7 wa Columbia mwaka 2003.

Nilipokuwa mtoto, kiangazi kilipokaza, baba yangu alikuwa akimtuma kaka yangu mkubwa atangulie upande wa Meatu kutazama malisho na maji kabla ya kuhamisha ng'ombe. Hakumtuma mtu yeyote tu. Alimtuma ajuaye ng'ombe. Wala hakumtuma mpaka amejua atalala kwa nani na atarudi siku gani. Laiti angalikuwa na kitu cha kutuma badala yake, nadhani angalikituma kwanza, kisha kaka yangu akaenda mwenyewe kuonja maji.

Kwa hiyo mimi nasema mitambo itangulie, na Mirihi ibaki kuwa yao mpaka njia ya kurudi ijulikane kama ijulikanavyo njia ya kwenda. Walimu wa Bariadi nimewaandikia kuomba mdahalo urudiwe, na hoja isemwe hivi: "Roboti itumwe, binadamu aende." Nimeomba pia kwamba msichana yule apewe nafasi ya kusema kwanza.